Chaguo la Kwanza la Meneja

Sikuwahi kumwona Meneja akipiga mpira. Misimu saba nimekaa naye kwenye timu moja, na siku mpira ulipotoka nje ukamfuata pale alipoketi, aliinua miguu ukapita chini ya kiti, kisha akaishusha na kuendelea kuandika. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, vyeusi, vya kwenda navyo kanisani, na Mchina mwenye kutunza uwanja alimfokea kila Jumapili kwa kuvikanyagia nyasi za plastiki. Meneja alimjibu kwa Kifaransa, kwa adabu zote, na hakuvivua.

Nayasema haya mapema ili ujue tunamzungumzia mtu wa namna gani. Na la pili ulijue kabisa: mimi ndiye niliyemwondoa kwenye umeneja. Mimi katibu wa timu, kwa kalamu yangu, niliketi nikawapima watu wote aliotuchagulia, mmoja mmoja, nikawapa alama, na alama zile ndizo zilizomtoa. Nilikuwa na sababu zangu. Kubwa kati ya hizo ilikuwa na jina, na jina lake ni Swaleh, ndugu yangu wa tumbo moja.

Asili ya Meneja siijui vizuri na sikuiuliza. Alikuwa mtu wa Bukavu, amesoma kwa Kifaransa, Mkristo wa kusali kweli si wa jina. Kazi yake ilikuwa kununua vitu vya shule na vya kuchezea watoto kule soko la Yide Lu, hapa Guangzhou, China, madaftari, kalamu za rangi, magari ya betri, na kuvipeleka kwenye maduka ya kwao. Lakini hakuna aliyemwita kwa kazi hiyo. Kuanzia wauza chakula wa mtaa wa Xiaobei mpaka mchungaji wake, wote walimwita Meneja. Ukimwita kocha alikasirika. Kocha alikuwa mwingine, mwenye filimbi na kaptura. "Mi sifundishe mutu," alikuwa akisema. "Mi ninachagua."

Na kuchagua kwenyewe si kule unakokufikiria. Zamani hapa Guangzhou kila taifa la Afrika lilikuwa na timu yake. Watu walipopungua, timu zikabaki nne, na sisi wa Kenya, Tanzania na Kongo ya mashariki tukajikuta tumevaa jezi moja. Ikawekwa desturi, tukaiita mgao. Mwanzo wa msimu, wageni wapya wote wanaotaka kucheza huandikwa majina, wakakaa kwenye ukumbi ulio juu ya mkahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, na mameneja wanne huwachagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo huanza. Aliyechaguliwa husimama, meneja wake humpa kikombe cha chai, na akishakunywa ametoa neno: haondoki mpaka msimu uishe. Akiondoka kabla, aibu ni yake na ya yule aliyemleta mjini. Usiione chai ile ndogo. Nimeona watu wakibadilisha tarehe za ndege kwa ajili yake.

Wiki moja kabla ya mgao, mameneja wengine walikuwa uwanjani wakitazama wageni wanavyopiga chenga. Wetu alikuwa sokoni. Aliwafuata wageni duka kwa duka Yide Lu, kama askari kanzu, na kijidaftari chake cha miraba mfukoni. Alishikilia kwamba mchezaji huonekana alivyo anaponunua. Nilidhani ni mzaha mpaka siku aliponichukua.

"Mama Secrétaire," akaninong'oneza, maana hakuniita jina hata siku moja, "muangalie ule kijana."

Ule kijana alikuwa Mkenya mrefu, mpya kabisa, bei za Guangzhou hazijamzoea. Alishika mkoba wa shule. Laoban, mwenye duka, akamtajia bei. Kijana akasema "tai gui", ghali, akauweka mkoba chini akaondoka. Laoban akamwita na kushusha. Hakugeuka. Akamwita tena, sasa bei imekuwa nzuri hata mimi nilitaka kuingia ninunue. Yule hakugeuka ng'o.

"Beki," Meneja akasema, akaandika.

"Beki gani? Si ameshapitwa na bei nzuri, bwege huyo!"

"Bon. Beki hana haja na bei nzuri. Beki iko na haja ya kusema hapana mara moja."

Kijana yule ni Oti. Alicheza nyuma kwetu misimu sita, na washambuliaji wa timu nyingine walimwogopa kama wanavyoogopa polisi wa kukagua paspoti. Nilipokuja kumpima nilimpa tisa. Ile moja nilimnyima kwa roho mbaya tu.

Lakini jicho lilelile la sokoni lilituletea na vituko. Kulikuwa na Mtanzania mmoja mcheshi, fundi wa kubembeleza bei, anamchekesha laoban mpaka laoban anamwongezea na zawadi. Meneja akasema huyu ni kiungo, huyu atacheza na kila mtu. Na kweli alicheza na kila mtu. Alibishana na refa kwa utamu uleule wa dukani, kila kosa alitaka lipunguzwe, na nusu ya msimu tukacheza watu kumi kwa kadi zake nyekundu. Nilimpa mbili.

Baada ya soko kulikuwa na maswali mawili. Meneja hakuuliza unacheza namba gani wala umetoka klabu gani. Aliuliza, "Viza yako ya siku ngapi?" Kisha, "Container yako inafunga lini?" Hapo usimcheke. Sisi ni wafanyabiashara. Mtu anaweza kuwa na miguu ya dhahabu, lakini mzigo ukijaa keshokutwa, huyo si wako. Wenzetu wa timu nyingine walijifunza maswali hayo kutoka kwake. Tatizo la Meneja lilikuwa kuyapenda mno. Mwaka mmoja alimchagua mwanafunzi kwa sababu viza yake ilikuwa ndefu kuliko ya mtu yeyote ukumbini. Alifurahi, akampa chai kwa mikono miwili. Kijana akanywa, tukapiga makofi, ndipo tulipogundua kwamba chuo chake kiko mji mwingine, mbali kwa treni, na Jumapili ana darasa. Alikuja mara mbili. Kila alipokuja alikuwa na usingizi.

Na mshambuliaji wetu wa Mombasa, mtani wangu, je? Huyo Meneja alimwuliza kontena linafunga lini, akaambiwa mwezi ujao, akaridhika. Hakuuliza mwezi ujao siku gani. Siku ya nusu fainali ajenti akapiga simu kutoka bandarini Huangpu, kontena liko tayari, njoo usimamie upakizi au linaondoka bila wewe. Mtani akaenda Huangpu amevaa jezi, soksi mpaka magotini, akipakia majokofu huku anatupigia simu kuuliza matokeo. Meneja hakumlaumu hata kidogo. Alisema kosa ni lake, aliuliza swali nusu.

Hilo nampa haki yake: makosa yake hakumsukumizia mtu. Wala hakusifu. Ukifunga mabao matatu alikutikisia kichwa, basi. Ila kila aliyemchagua, hata wa mwisho kabisa, alimwambia chemba kwamba yeye ndiye aliyemtaka tangu mwanzo. Mtu aliyechukia uongo hivyo! Nilimkabili siku moja.

"Meneja, umewaambia watu watano kuwa kila mmoja ni wa kwanza."

"Njo ukweli," akasema, maana kwao ndiyo ni njo. "Kila mumoja iko wa kwanza siku ile ninamwambia."

Nikamwacha, nikaenda kuhesabu jezi.

Penati hakuzitazama. Zetu au zao, aligeuka akaangalia barabara mpaka kelele zimwambie. Kulia machozi nilimwona mara moja, tulipofungwa fainali, na akasema ni jasho, nasi tukakubali kuwa ni jasho. Kwa umbea alikuwa kiziwi. Pale mkahawani watu wakianza kumsengenya fulani, Meneja alivuta kijidaftari chake na kuanza kukagua orodha ya kalamu za rangi. Ijumaa alikuja kula biriani kwangu, na kila Ijumaa tulitaniana juu ya lugha. "Swahili yenu ya Mombasa iko na sukari mingi," alisema. Nami nilimwambia yao imepikwa bila chumvi. Alicheka mabega tu, bila sauti. Nilimpenda mzee yule. Nasema wazi, maana yanayofuata hayapendezi.

Swaleh nilimleta mimi. Mimi sina mtoto, na kazi yangu ya kufungasha na kusafirisha mizigo ya watu ilikuwa imekua, nikataka mtu wa damu yangu aje aishike. Nilimtafutia viza, nikamtafutia chumba, nikamnunulia meza yake nikaiweka mkabala na yangu, dirishani. Kule kwetu Kisauni alikuwa golikipa wa kusifika; mipira ya juu alikuwa akiichuma tu. Kwa tabia ni mpole, mtu wa ndiyo dada, sawa dada. Miezi ya kwanza nilimwona amepooza. Nikajisemea, huyu anataka mpira. Akipata timu atachangamka, akinywa chai ya mgao ametulia msimu mzima, na msimu ukiisha atakuwa ameshazoea. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu.

Na mambo yakajipanga vizuri kupita kiasi. Msimu uliopita tulishika mkia, kwa hiyo chaguo la kwanza lilikuwa letu. Golikipa wetu alikuwa amerudi kwao. Ukumbi mzima ulijua jina litakalotajwa. Nilivaa buibui jipya. Swaleh alikaa katikati ya wageni, mikono mapajani.

Meneja akasimama, akafungua kijidaftari, akasema, "Papa Kaluba."

Watu walicheka, wakidhani anatania. Papa Kaluba alikuwa mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu mzima mwenye kitambi, aliyejiandikisha kwa sababu daktari alimwambia afanye mazoezi. Yeye mwenyewe aliangalia nyuma kuona kama kuna Kaluba mwingine. Lakini Meneja alishika kikombe, anangoja. Papa wa watu akaenda akanywa.

Nikasema moyoni, haya, labda ana hila, atamchukua Swaleh raundi ya pili. Lakini wale watatu wengine nao wakampita Swaleh! Wa Afrika Magharibi, wa Angola, wa wanafunzi, wote walitaja wengine. Raundi ya pili, zamu ya Meneja ilipofika, alimtikisia kichwa meneja wa Afrika Magharibi, na yule akachagua mtu badala yake. Zamu ya timu yetu ikaenda bure mbele ya macho yetu! Wakaendelea kumpita Swaleh hivyo hivyo mpaka orodha ikaisha. Golikipa bora aliyewahi kuingia ukumbi ule hakuchaguliwa na mtu yeyote. Alinyanyuka, akaniambia, "Twende dada," kwa utulivu ulionikata maini. Nilijua ni utulivu wa mtu aliyeaibishwa.

Wiki tatu baadaye alirudi Mombasa. Alisema kazi ya mizigo haimwingii. Mimi nilijua kilichomrudisha.

Meneja alikuja ofisini kwangu siku ileile ndege ilipoondoka. Nilimkuta mlangoni, na nilikuwa nimeshasikia kutoka kwa watu kwamba siku moja kabla ya mgao alionekana akiwazungukia mameneja wale watatu, akizungumza nao juu ya Swaleh. Amemchafua kijana wangu! Sikumpa nafasi ya kusema salamu. Nilimtolea kila neno, na wateja wamejaa: mnafiki, mchawi wa mtoto wa watu, biriani langu likutokee puani. Alisimama ameshika kofia yake. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Bon, Mama Secrétaire," akageuka akashuka ngazi.

Msimu ule tulichapwa mpaka tukazoea. Papa Kaluba alikaa golini kwa sababu hatukuwa na mwingine. Msimu ulipoisha mwenyekiti wetu, kijana wa Nairobi, akanijia.

"Madam Katibu, huyu mzee ametumaliza. Wasee wananiuliza, tunangoja nini? Hebu pitia picks zake zote, kutoka mwanzo, utuletee ripoti. Tuamue na akili, si na hasira."

Na akili, si na hasira. Nikamwambia sawa.

Niliifanya kazi ile kwa uangalifu, hilo sijilaumu. Nilikuwa na daftari la timu, nikachukua mgao baada ya mgao. Huyu alichaguliwa wa ngapi, alibaki misimu mingapi, ni nani mzuri zaidi aliyeachwa mezani siku ile. Swali la mwisho ndilo gumu, maana kila mtu ana akili baada ya mechi. Mchezaji aliyeng'ara kwa Waangola, je, angeng'ara kwetu? Sikujua, nikaandika hivyo. Oti tisa. Mcheshi mbili. Mwanafunzi moja. Mtani wa Huangpu nilimpa saba, nikaandika pembeni kwamba kontena si kosa la miguu. Ukijumlisha bila mwaka wa mwisho, mzee alikuwa mzuri kidogo kuliko wenzake. Kidogo, lakini alikuwa. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Kisha nikafika mwaka wa mwisho. Papa Kaluba, chaguo la kwanza: sifuri. Zamu ya pili, aliitoa bure: sifuri. Aliyeachwa mezani: nikaandika jina la ndugu yangu, nikalipigia mistari miwili.

Kikao kilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi uleule. Nilisoma ripoti nimesimama. Yale mazuri niliyasoma haraka, yale ya mwisho niliyasoma taratibu. Mwenyekiti akamwuliza Meneja kama ana la kujibu. Meneja alisema alama za mcheshi ni nyingi, angempa moja. Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza tena, na hili la kipa na la zamu ya pili, je? "Mimi nilichagua," Meneja akasema. "Hakuna mwengine." Mikono ikanyooshwa. Wangu ulikuwa wa kwanza.

Alikabidhi jezi za akiba na funguo za kabati, akamwachia mrithi wake ile orodha ya maswali mawili. Jumapili iliyofuata alikuja uwanjani na viatu vyake vya kanisani, akakaa upande wa pili. Alikuja kila Jumapili kwa miaka mitano. Mimi na yeye tulisalimiana kwa kichwa. Huyo mrithi hakuwa bora kumshinda, kama unataka kujua. Oti aliniambia siku moja, bila ya kuulizwa, "Mlimtoa mzee kwa mwaka mmoja." Nikamwambia mwaka mmoja unatosha.

Mwaka huu, mwezi uliopita, Meneja akanipigia simu. Anafunga kazi, anarudi Bukavu moja kwa moja, na anataka nimfungie mzigo wa mwisho.

"Wafungaji wamejaa mjini, Meneja."

"Wamejaa. Lakini huu mi sitaweza kurudi kufunga tena. Nataka mutu wa kufunga muzuri."

Akaja saa nane mchana na katoni zake. Alikuwa amekonda, shingo imeachana na kola, lakini shati limepigwa pasi kama zamani. Tulifungasha pamoja bila maneno mengi, mimi natia, yeye anashika, mimi napiga gundi. Katoni kumi hivi zikapita. Nilikuwa nikijiambia nyamaza, mzee anaondoka, mwache aende na amani. Lakini mimi kunyamaza sikupewa. Nikamwuliza nimeinama ndani ya katoni, kwa sababu usoni nisingeweza.

"Meneja, uliwaambia nini wale mameneja watatu juu ya Swaleh?"

Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama kama mtu aliyeulizwa habari ya jana.

"Yeye hakukwambia? Miaka yote hii?"

"Aniambie nini?"

Akakaa juu ya katoni la madaftari. "Alikuya kwangu, siku mbili mbele ya mgao. Akasema, Papa, usinichague. Ukinipa chai mbele ya batu ntakunywa, na nikishakunywa siwezi kwenda, ju dada yangu njo amenileta. Ntamupa aibu. Lakini mi nataka kwenda kwetu, hapa ninakufa. Akalia, mwanaume muzima. Nikamuuliza, ju ya nini usimwambie dada? Akasema, nimejaribu mara tatu. Kila nikianza, ananionyesha pale ataweka meza yangu."

Meza ile bado ipo, nawekea makaratasi.

"Bon. Mi nikimuacha, wengine watamchagua, kipa kama ule. Nikaenda kwa wale watatu, nikawaomba. Wawili wakakubali. Wa Magharibi akasema, mi siache kipa bure. Nikamupa zamu yangu ya pili."

"Na Papa Kaluba?"

"Nilikuwa na haja ya jina. Yule alikuwa karibu."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Nililia kweli, kamasi na yote, mbele ya mtu niliyemwita mchawi.

"Kwa nini hukuniambia? Ulikuja hapa siku ile, mlangoni pale, ungeniambia!"

"Njo nilikuya kukwambia. Yeye mwenyewe alinituma, akishapanda ndege nikwambie. Nikafika, ukaanza kunitukana." Alinyoosha mkono akaniondolea kipande cha gundi kilichoning'inia kwenye mtandio. "Nikasimama pale nikawaza, huyu mama leo iko na lazima ya kumukasirikia mutu. Nikifungua kinywa, atamukasirikia ndugu yake, na ndugu yake iko mumoja tu. Mi niko nani kwake? Nikaona heri mimi."

"Na kwenye kikao? Si ungesema hata pale! Nilikuondoa, Meneja. Niliandika kila herufi."

"Kikao kilikuwa cha mupira. Na ya mupira uliandika vizuri." Akafuta vumbi juu ya katoni. "Kaluba ulinipa ngapi?"

"Sifuri."

"Ulinihurumia. Yule papa alikuwa anapokea mupira kama mutu amepewa mutoto wa jirani."

Nikamwambia anisamehe. Nilimwambia kwa maneno, nikimwangalia, maana mambo kama haya watu huyameza na kudhani yameeleweka. Akasema yalishakwisha siku ileile kwenye ngazi, ila biriani ndilo lililomsumbua, Ijumaa zilikuwa ndefu. Kisha akaniambia nifunge lile katoni lililobaki wazi, vumbi linaingia.

Alipoondoka nilimpigia simu Swaleh. Kule Mombasa ilikuwa asubuhi. Ana karakana ya kutengeneza majokofu sasa, ana mke na watoto wawili, na anacheka kwenye simu, kitu ambacho Guangzhou sikukisikia. Nyuma yake nyundo ilikuwa ikigonga bati.

"Meneja amenieleza," nikasema.

Nyundo ikanyamaza, sijui kama alimwashiria mtu. "Amekueleza nini?"

"Yote. Chai, na meza, na ulivyolia."

"Lini?"

"Leo."

"Leo?" Sauti ikampanda. "Dada, mimi nilijua alikueleza siku ileile! Miaka yote nadhani unajua. Nikasema dada kanisamehe, ila hapendi tu tuyataje." Kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ya zamani, ya sawa dada. "Umekasirika?"

Nikaitafuta hasira. Wallahi niliitafuta, maana nilikuwa na haki nayo, nikapekua kote ilikokuwa ikikaa. Haikuwepo. Yote nilikuwa nimeshaimalizia kwa mtu mwingine.